Tundu tupu halikuzi elektroni

Mtu akisikia "kigunduzi cha silikoni", picha inayomjia ni kiwanda: chumba cheupe kisicho na chembe ya vumbi, watu waliojifunika gubigubi kama warina asali, mashine za kutoboa kwa plazma, na bajeti ambayo chuo chochote cha hapa Dodoma kikiipeleka kunakohusika kitaulizwa kama hakijakosea sifuri. Kwa vigunduzi vya elektroni vyenye mifereji ya kukuza, picha hiyo inapotosha. Kutoboa silikoni ni kazi iliyokwisha kueleweka, na bamba lenye matundu linaweza kuagizwa. Kinachoamua kama kifaa kitafanya kazi ni utando wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) uliopakwa kwenye kuta za matundu hayo, pamoja na ombwe, yaani nafasi iliyotolewa hewa, ambalo kifaa kinaishi ndani yake. Hoja yetu ni kwamba Dodoma inaweza kuingia kwenye kazi hii, ila ipitie mlango wa uani: ianze na ombwe na meza ya kupimia, ifuate utando, na habari ya kutoboa iwekwe mwisho, au isiwekwe kabisa.

Tukiangalie kifaa chenyewe kwa karibu. Chukua bamba la duara lenye kipenyo cha milimita 25 na unene wa milimita 0.4. Limetobolewa matundu ya kipenyo cha maikroni 10 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake ni maikroni 12. Hesabu ya eneo inatoa matundu kama milioni 3.9. Nyuso zote mbili zimepakwa metali, na kati yake kuna volti 1,000. Elektroni moja ikiingia kwenye tundu inagonga ukuta karibu na mdomo na kung'oa elektroni mbili hivi. Uga wa umeme unazivuta hizo kwenda chini, zinavuka upana wa tundu, zinagonga ukuta wa pili, na kila moja inang'oa nyingine. Safari nzima haifiki nanosekunde moja, na upande wa pili yanatoka maelfu.

Hapa "haba na haba hujaza kibaba" haisaidii, maana kibaba hujazwa kwa kujumlisha na mfereji hujazwa kwa kuzidisha. Tuseme elektroni zinagonga ukuta mara 13. Kila mgongano ukitoa wastani wa elektroni 2, mwisho wa mfereji zinatoka 8,192. Wastani ukishuka hadi 1.8, zinatoka kama 2,100. Ukipanda hadi 2.2, zinatoka zaidi ya 28,000. Yaani tofauti ndogo sana katika hali ya ukuta, ambayo alama ya mafuta ya pampu au utando uliopungua nanomita mbili unaweza kuileta, inabadilisha ukuzaji zaidi ya mara 13. Upana wa tundu ukikosewa kwa asilimia 5, bamba bado litafanya kazi. Ukuta ukikosewa kidogo, umepata kichungio ghali.

Wazo la mfereji mmoja unaokuza mfululizo lilichapishwa na Goodrich na Wiley huko Marekani mwaka 1962. Mabamba yaliyotawala soko tangu hapo ni ya kioo chenye madini ya risasi. Nyuzi za kioo zinavutwa, zinafungwa mafungu, fungu linayeyushwa pamoja na kukatwa vipande, kiini cha kila uzi kinaliwa na asidi, kisha bamba linapashwa moto ndani ya hidrojeni ili oksaidi ya risasi iliyo juu ya ukuta ipunguzwe na kuacha tabaka linalopitisha umeme kidogo. Ni ufundi wa hali ya juu, na bado haujashindwa sokoni. Kasoro yake ni kwamba kioo kilekile kimepewa kazi tatu: kuwa umbo, kuwa kikinza cha umeme, na kuwa ukuta unaotoa elektroni. Ni kama kumwajiri mtu mmoja apike, alinde geti na kufundisha watoto hesabu. Ukitaka kuongeza utoaji wa elektroni unagusa ukinzani, na ukirekebisha ukinzani unaharibu utoaji. Tena mipaka ya mafungu ya nyuzi huonekana kwenye picha kama wavu, na potasiamu iliyomo kwenye kioo ina K-40, aina ya potasiamu yenye mionzi, ambayo mionzi yake huandika hesabu hata kama hakuna kitu kilichoingia.

Silikoni inazitenganisha kazi hizo tatu. Umbo linachorwa kwa litografia, yaani kwa mwanga, kwa hiyo kila tundu liko pale ulipoliweka. Ukinzani unatoka kwenye utando wa kwanza na elektroni zinatoka kwenye utando wa pili. Mdomo wa tundu unaweza kupanuliwa kama faneli ili elektroni zinazoangukia kati ya matundu zisipotee, jambo lenye maana kubwa, kwa sababu katika bamba la mfano wetu matundu ni asilimia 63 tu ya uso.

Lakini silikoni ina tatizo ambalo wengi hawalioni mpaka wawashe umeme: inapitisha umeme mno. Hata silikoni safi kabisa, isiyotiwa kitu, ina ukinzani wa kama omu-sentimita 230,000 kwenye joto la kawaida. Weka volti 1,000 kwenye bamba letu bila kinga yoyote. Silikoni iliyobaki baada ya kutobolewa ina eneo la sentimita za mraba 1.8, unene 0.04, hivyo ukinzani wake ni kama omu 5,000. Mkondo ni ampea 0.2, na joto ni wati 200 ndani ya kitu chembamba kuliko kadi ya benki, kilichoko kwenye ombwe ambako hakuna hewa ya kukipoza. Silikoni ikipata joto inapitisha umeme zaidi, ikipitisha zaidi inapata joto zaidi, na mchezo umekwisha. Tena hiyo ni silikoni safi. Ile ya kawaida ya omu-sentimita 10 ni mkato wa umeme tu.

Kwa hiyo lazima silikoni itengwe na volti, na hapa ndipo miradi mingi huishia. Njia ya kwanza ni kuotesha oksaidi, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, isiyopitisha umeme, juu ya kuta na kuacha silikoni katikati. Silikoni hiyo ya ndani inakuwa kwenye volti moja kote, tuseme katikati ya sifuri na 1,000, na hivyo kwenye ncha mbili za mfereji oksaidi inabeba volti 500. Oksaidi safi huvumilia karibu volti moja kwa kila nanomita, kwa hiyo nanomita 500 ni ukingoni mwa shimo. Mhandisi mwenye busara ataweka maikroni 1.5 au zaidi. Hata hivyo, jumla ya kuta zote za matundu milioni 3.9 ni kama sentimita za mraba 500, yaani zaidi ya robo tatu ya karatasi ya A4. Kwenye eneo lote hilo hutakiwi kuwa na hata kitobo kimoja cha oksaidi, na kwenye kingo kali za midomo ya matundu uga wa umeme unajikusanya hapohapo unapochukia ujikusanye.

Njia ya pili ni kuigeuza silikoni yote iwe oksaidi. Safari hii hakuna kiini kinachopitisha umeme, ila kuna uvimbe. Oksaidi ya unene wa maikroni 1 inakula silikoni ya maikroni 0.44, maana yake ukuta wa maikroni 2 ukioksidishwa wote unanenepa hadi maikroni 4.5 na tundu linabanwa. Ukitaka kumaliza na ukuta wa maikroni 2, anza na ukuta wa maikroni 0.9, ambao ukiushika vibaya kwa kibano unavunjika. Muda nao unatofautiana sana. Kwa mvuke wa maji kwenye nyuzi 1,100 za Selsiasi, ukuta wa maikroni 0.9 unaoliwa kutoka pande zote mbili unahitaji saa 2 na ushee, na ule wa maikroni 2 unahitaji zaidi ya saa 10. Kisha kuna pete nzima ya pembeni isiyo na matundu. Hiyo haiotesheki yote, inabaki na ukubwa wake wa zamani wakati katikati panavimba, na bamba linatoka tanuruni limebonyea kama ungo. Ungo haupangiki juu ya ungo mwingine bila nafasi, na vigunduzi vizuri huhitaji mabamba mawili yaliyopangwa. Dawa ni kukata mifereji ya kupumulia kwenye pete, au kuitoboa pete nayo ivimbe pamoja na wenzake.

Iko njia ya tatu, ambayo watafiti wa Neuchâtel nchini Uswisi wameifuata: kutumia silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele, yenye hidrojeni, ambayo ukinzani wake uko juu kiasi cha kubeba volti yenyewe na kurudisha chaji kupitia mwili mzima wa bamba. Ni wazo zuri. Kikwazo chake ni unene: tabaka la namna hiyo ukiliotesha kupita kiwango fulani linaanza kubanduka, na mfereji mfupi hutoa migongano michache.

Kuhusu kutoboa tutasema machache. Njia ya plazma inabadilishana gesi mbili, salfa heksafloridi inayokula silikoni na C4F8 inayopaka kinga kwenye kuta, na inaacha kuta zenye makunyanzi. Kadiri tundu linavyozama ndivyo kasi inavyopungua, hivyo uwiano wa kina kwa upana ukipita 40 kazi inakuwa ngumu. Njia ya asidi, ambayo Lehmann na Föll waliieleza Ujerumani mwaka 1990, inatumia asidi haidrofloriki iliyochanganywa na maji, umeme, na mwanga unaomulika mgongo wa bamba. Inaweza kushuka mamia ya maikroni huku tundu likibaki na upana uleule. Inapendeza kwa sababu haihitaji mashine kubwa, na ndiyo maana inashawishi vyuo vyenye fedha kidogo. Ushauri wetu ni kuikwepa. Asidi hiyo inapenya ngozi bila kuumiza sana mwanzoni, inafuata kalisiamu ya mwili, na eneo dogo tu la ngozi likilowa mtu anaweza kufa moyo ukisimama. Pasipo jeli ya kalisiamu glukoneti mezani, wauguzi waliofundishwa kuitumia na mfumo wa kutupa taka zake, hakuna matundu yanayostahili hatari hiyo.

Jambo moja la matundu lazima mnunuzi alijue kabla ya kuagiza: mwelekeo. Mabamba ya kioo hukatwa kwa mshazari, kwa kawaida kati ya nyuzi 5 na 15, ili elektroni isipite moja kwa moja katikati bila kugonga ukuta. Silikoni inayotobolewa kwa plazma hutoka na matundu yaliyosimama wima. Ya asidi hufuata mhimili wa fuwele, kwa hiyo mshazari unapatikana tu ukianza na silikoni iliyokatwa upogo. Mabamba mawili ya matundu wima yakipangwa, hewa iliyobaki inageuka ayoni karibu na njia ya kutokea, ayoni hizo zenye chaji chanya zinarudi mbio hadi mlangoni, zinagonga ukuta, na kigunduzi kinaanza kuhesabu mwangwi wake chenyewe. Mabamba mawili yenye mshazari unaopingana huizuia safari hiyo ya kurudi, na ukuzaji wa jozi hufika kati ya milioni 1 na milioni 10.

Sasa tuje kwenye utando, ambako ndiko kazi ilipo. Tunataka bamba zima liwe na ukinzani wa megaomu 100, yaani mkondo wa maikroampea 10 kwa volti 1,000. Gawanya kwa matundu milioni 3.9: kila tundu linapata pikoampea 2.5, na ukinzani wa tundu moja ni kama omu 4 ikifuatwa na sifuri 14. Kwa utando wa nanomita 50, hilo linadai kitu chenye omu-sentimita milioni 150 hivi. Hakuna metali yenye thamani hiyo, na vihami vyote viko mbali juu yake. Unaitengeneza mwenyewe kwa kupishanisha tabaka za atomu: chache za kitu kinachopitisha umeme, kama oksaidi ya zinki au tungsteni, na nyingi za oksaidi ya alumini. Mchanganyiko wa zinki na alumini ndio wenye kemikali rahisi kupatikana, lakini ni mkorofi. Kwenye ukanda wa ukinzani tunaoutaka, badiliko dogo la uwiano linahamisha ukinzani kwa makumi ya mara. Tungsteni inatulia zaidi, ila gesi zake ni sumu kali. Juu ya utando wa kwanza unapaka nanomita 5 hadi 10 za oksaidi ya alumini au ya magnesiamu, ambazo ndizo zinazotoa elektroni. Ukizidisha unene, utando unabaki na chaji na kuzima wenyewe. Ukipunguza, elektroni zinang'oka kidogo.

Kila mzunguko wa kupaka oksaidi ya alumini, yaani gesi moja ikifuatwa na ya pili, unaongeza kama nanomita 0.1. Nanomita 50 ni mizunguko 500. Kwenye kipande bapa mzunguko ni sekunde chache, lakini gesi inayopaswa kuteremka mfereji wenye kina mara 40 ya upana wake, ikae, kisha itolewe yote kabla ya gesi ya pili kuingia, inataka kama dakika nzima. Hiyo ni saa 8 na dakika 20 bila kusimama. Ukiharakisha, gesi inaishia midomoni, katikati ya mfereji utando unakuwa mwembamba, ukinzani wa hapo unapanda, volti nyingi inajazana hapo, na ncha mbili zinabaki zimelala. Kipande bapa ulichokiweka pembeni kama shahidi kitakuambia kila kitu ni sawa. Usikiamini peke yake. Pasua bamba moja katika kila kundi na upime unene juu, katikati na chini kwa hadubini ya elektroni.

Mashine ya kupaka hivyo si ya kutisha. Ni bomba lenye joto la nyuzi 150 hadi 200, vali za haraka, pampu, na kompyuta ndogo ya kufungua na kufunga vali. Fundi mzuri wa chuma na fundi mzuri wa umeme wanaweza kuiunda. Kemikali ya alumini, trimethilaluminiamu, inawaka yenyewe ikiguswa na hewa, hivyo mitungi na viungo vya mabomba ndivyo visivyofanyiwa ubahili.

Na hapa Dodoma inaingia na tabia zake. Ya kwanza ni umeme. Kukatika kwa dakika tatu saa ya sita ya kupaka kunaharibu kundi zima, maana bomba linapoa na gesi mbili zinakutana. Kwenye chumba cha ombwe madhara ni mabaya zaidi: pampu ya mafuta ikisimama, mvuke wa mafuta unapanda kinyume kuelekea chumbani, unatanda juu ya kuta za mifereji, na elektroni zinazogonga baadaye zinauchoma uwe kaboni. Wastani wa 2.2 unakuwa 1.8, na tumeshaona maana yake. Jenereta haitoshi, kwani inachelewa kwa sekunde kadhaa. Kinachohitajika ni vali inayojifunga yenyewe umeme ukikatika, iliyowekwa kati ya chumba na pampu, betri ya kubeba vidhibiti kwa dakika 20, na ikiwezekana pampu kavu isiyo na mafuta kabisa.

Ya pili ni vumbi. Kati ya Juni na Oktoba upepo wa Dodoma unabeba chembe ambazo nyingi zinaingia sawasawa kwenye tundu la maikroni 10, au zinakaa juu ya mdomo wake na kugeuka ncha inayovuja elektroni usiku na mchana. Kwenye skrini ya kupimia inaonekana kama nyota moja isiyozima. Chumba kizima kisicho na vumbi hakihitajiki. Meza yenye kichujio cha HEPA inayopuliza hewa safi kuelekea mbele inatosha, mradi bamba lisitoke hapo likiwa wazi. Ukiona chembe usipulize kwa mdomo. Tumia naitrojeni kavu iliyochujwa. Naitrojeni ya maji ambayo wafugaji wanaijua kwa kuhifadhia mbegu za ng'ombe, ikiachwa ichemke ndani ya chombo chake, inatoa gesi kavu ya kutosha kujaza kabati la kuhifadhia mabamba. Masika kabati hilo ni la lazima, kwa kuwa utando unakunywa unyevu na bamba lililokaa wazi linachukua siku nyingi zaidi kukauka kwenye ombwe.

Ya tatu ni maji. Yeyote aliyewahi kuchungulia birika la umeme lililotumika mwaka mmoja mjini hapa ameona gamba jeupe lililoganda chini. Maji hayo yakitumika kuoshea silikoni, sodiamu inaingia kwenye oksaidi, na sodiamu ndani ya oksaidi haitulii: inatembea taratibu ikivutwa na volti. Bamba linapimwa leo lina tabia hii, wiki ijayo lina tabia nyingine. Maji ya kuoshea yawe yale yaliyotolewa ayoni hadi megaomu-sentimita 18, na suuza ya mwisho isifanywe kwenye bomba kwa haraka eti "ni mara moja tu".

Ya nne wengi hawaitaji: mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na kanieneo la hewa ni karibu asilimia 88 ya lile la pwani. Ndani ya chumba cha ombwe hilo halina maana, lakini nje, kwenye viungio vya nyaya za kilovolti 3, hewa nyepesi inapasuka mapema. Kiungio kilichotulia Dar es Salaam kinaweza kuanza kutoa cheche hapa. Ongeza umbali kati ya ncha na mwili kwa asilimia 15 na funika viungo kwa mpira wa silikoni, ambao si silikoni ile ya bamba.

Meza ya kupimia ndiyo tungeijenga kwanza, kabla ya kununua hata tundu moja la silikoni. Chumba cha chuma cha pua, pampu ya tabo, yenye mapanga yanayozunguka kwa kasi, inayosaidiwa na pampu kavu, kipimio cha ombwe, ugavi wa volti 0 hadi 3,000 wenye kikomo cha mkondo, kipima pikoampea, uzi wa tungsteni wa kutoa elektroni, na kikombe cha Faraday cha kupima zinazoingia. Chanzo cha mionzi kama nikeli-63 kingekuwa kitulivu zaidi, lakini kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, na kwa kuanzia uzi unatosha. Bamba likiingia, liache kwenye ombwe la chini ya paskali 0.0001 kwa saa 24. Kisha panda volti 100, ngoja dakika tano, andika mkondo na kanieneo, panda tena. Mkondo ukipanda kwa mstari ulionyooka, endelea. Ukianza kupinda juu, au kanieneo likiruka, rudi nyuma volti 200 na usubiri. Anayekimbilia volti 1,000 siku ya kwanza anaunguza bamba, na bamba lililoungua halitengenezeki.

Kosa la vipimo linalorudiwa kila mahali ni kumwaga elektroni nyingi. Bamba la maikroampea 10 linaweza kutoa kwa uaminifu hadi kama asilimia 5 hadi 10 ya mkondo huo. Ukiingiza pikoampea 1 na ukuzaji ni 10,000, unapata nanoampea 10, na uko salama. Ukiingiza pikoampea 100 unagusa maikroampea 1 na mifereji haipati muda wa kurudisha chaji. Kila tundu lililomwaga elektroni 10,000 linahitaji zaidi ya nusu milisekunde kujaa tena kwa pikoampea 2.5. Ukuzaji unaonekana umeshuka, mwanafunzi anaandika kwamba utando umechakaa, na tasnifu nzima inajengwa juu ya uchovu usiokuwepo. Uchakavu wa kweli hupimwa kwa kulomu (kipimo cha chaji) zilizotoka kwa kila sentimita ya mraba, na kwa maikroampea 1 unaifikia 0.1 baada ya siku kama 6 mfululizo.

Wapo watakaouliza: kwa nini kuhangaika, wakati kigunduzi kilichokamilika kinanunuliwa? Kwa maabara inayotaka majibu ya sampuli kesho asubuhi, jibu ni kununua. Dodoma ina makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia, ina madini ya urani yanayojulikana Bahi na jirani Manyoni, na vipima-masi, yaani mashine za kutambua atomi kwa uzito wake, vinavyotumika kwa kazi za namna hiyo vina vikuza elektroni vinavyochakaa na kubadilishwa. Hakuna mtu mwenye akili atakayewauzia wanajiolojia bamba la majaribio. Lakini meza ileile ya kupimia inaweza kuonyesha kama kikuza kinachotaka kutupwa kimechakaa kweli au kimechafuliwa tu na mafuta, na ujuzi wa kupaka utando tabaka kwa tabaka unatumika pia kwenye seli za jua na kinga za kutu. Sokoni hatutaingia kwa mabamba, na anayeahidi hivyo kwenye andiko la mradi anajitafutia fedheha.

Andiko la kweli lingeomba vitu vichache na mafundi wawili wa kudumu wa ombwe, wenye ajira zisizokoma ufadhili unapokoma, kwa sababu pampu iliyoachwa bila mwenyewe miezi sita ni chuma chakavu. Mwaka wa kwanza mzima ungetumika kwa mabamba ya kioo ya kawaida, ambayo tabia zake zimechapishwa, ili meza ijulikane inasema kweli kabla haijaulizwa kuhusu silikoni. Na hayo mabamba ya kioo yaagizwe matatu, si moja. La kwanza litaungua.